Mikono Yako na Boneti la Mzee Laurian

Koku mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana nakusikia hapo uani ukibishana na mama yako juu ya senene. Yeye anataka ubebe makopo mawili, wewe unasema basi zima litanuka mpaka Mwanza. Mchukulie moja yaishe. Mimi nimejifungia chumbani, jua bado liko juu ya migomba, na nimewaambia mgongo umenirudia. Mgongo ni mzima. Naandika.

Mambo ya kufunga mlango, kula kwa wakati na kutompa mtu usiyemjua begi akushikie, mama yako ameshayasema na kesho atayarudia. Mpe masikio. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni ile Jumapili niliyokusingizia mbele ya Mzee Laurian. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Hatujawahi kulizungumza, wewe wala mimi, na kesho unapanda basi kwenda kuanza kazi mbali. Nisipoliandika leo, najijua, nitakusindikiza nikichekacheka, nitakuambia usisahau kupiga simu, na utaondoka hapa umebeba uongo wangu mpaka huko uendako. Sitaki.

Ngoja nianze na gari, maana gari ndilo lililotuingiza huko.

Unakumbuka lilivyotokea mara ya kwanza pale gereji? Mzee Laurian alikuwa fundi wa mitambo melini miaka mingi, akarudi Bugomora kwenye kahawa ya baba yake, na kitu pekee cha maana alichorudi nacho ni lile gari. Viti viwili. Pua ndefu, taa za mviringo, paa la turubai, rangi ya kijani kilichoiva kama jani la mbuni baada ya mvua. Umbo lilikuwa la zamani kabisa, la wakati babu yako anavaa kaptula, lakini injini ilikuwa ya juzi tu. Watu wa Kayanga walicheka wakashika mbavu. Mama mmoja wa sokoni akamuuliza, "Sasa mzee, hili unapakia wapi ndizi?" Yeye akajibu, "Mama, hili napakia macho." Nilimpenda mzee yule siku hiyo hiyo.

Shida yake ilikuwa mawe. Kutoka Bugomora mpaka Omurushaka ilikuwa moramu tupu, changarawe bila lami, na kila safari pua ya gari ilirudi na vidoti vipya, rangi imebanduka mpaka bati linaonekana. Akaniambia, "Fundi Deo, wewe unajua kupaka rangi. Mimi sitaki kupakwa, rangi hii ni ile ambayo gari lilitoka nayo kiwandani. Nitafutie dawa ya mawe."

Mwanangu, sikuwa na dawa yoyote. Maisha yangu yote nimeziba mashimo kwa pati, nimesugua msasa, nimepuliza rangi, lakini kila gari lililetwa kwangu likiwa limeshaumia. Hakuna aliyewahi kuniuliza nizuie. Swali lile lilininyima raha. Nilikula nikiwaza, nikioga nawaza, mama yako akadhani nina mwanamke.

Wewe ndiye uliyenifungua. Ulirudi shule, ukatupa begi, ukachuchumaa mbele ya lile gari na kuniuliza, "Baba, mawe yanatoka mbele au yanatoka chini?" Mimi, fundi mzima, sikujua! Tukalala kifudifudi wote wawili kwenye vumbi la gereji, wewe na sare yako, tukaanza kuangalia. Ukachukua chaki ukazungushia kila kidoti. Tulipomaliza, gari likajieleza lenyewe. Vidoti vya puani na chini ya taa vilikuwa vya mawe ya gari lililotangulia. Vile vya chini ya milango, nyuma ya gurudumu la mbele, lilijirushia lenyewe kwa matairi yake. Ukasema, "Kumbe linajipiga!" Ukacheka mpaka ukakohoa. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kazini kama jioni ile.

Halafu ikaja wiki yetu ya mparachichi. Nilichukua boneti la pikapu iliyokufa, nikalipaka vizuri, tukalitundika kwenye ule mparachichi nyuma ya jiko. Tukaligawa vyumba vitano kwa chaki. Kimoja tukakipaka nta tu. Cha pili nikakiongezea kliya, ile rangi ya juu isiyo na rangi, nene mara tatu. Cha tatu tukafunika kwa mpira wa tyubu, cha nne ngozi ya ng'ombe, na cha tano magamba ya shina la mgomba, matatu juu kwa juu. Kazi yako ilikuwa kurusha kokoto na kuandika kwenye daftari. Mama yako alipita na beseni akasema, "Wenye akili timamu wanafukuza watoto wanaorusha mawe, huyu anampangia mwanawe zamu."

Daftari hilo ninalo. Liko hapa mezani, na maandishi yako ni mabaya vilevile kama ya sasa. "Nta: inang'aa lakini jiwe halijali." "Kliya nene: inapasuka kama ganda la yai, mbaya zaidi." "Tyubu: jiwe linaruka, lakini jua likiwaka inanata." "Ngozi: nzuri ikiwa kavu." Na kwenye magamba ya mgomba uliandika herufi kubwa, "JIWE LINASEMA PU LINAANGUKA." Ulicheza pale chini ya mti. Na mimi nilicheza, usinikatalie, mama yako ni shahidi.

Basi tukashona joho la magamba la kuvalisha pua ya gari. Makavu yalikuwa yakipasuka tukiyakunja, nikasema tutumie mabichi. Ukauliza, "Baba, utomvu je?" Ulikuwa umetoka kuchapwa kwa gauni la kanisani lililoingia utomvu wa ndizi, ulijua unachosema. Nikakujibu, "Rangi ya gari si gauni." Thubutu! Nikaenda nalo Kibingo na kurudi, nikavua joho mbele yako kwa mbwembwe. Mawe hayakuacha hata kidoti kimoja, hilo kweli. Lakini utomvu ulikuwa umechora michirizi ya kahawia, na vumbi lililoingia chini ya magamba lilikuwa limesuguana na rangi njia nzima mpaka ikafifia kama imepitiwa na msasa. Tulikuwa tumekinga mawe makubwa na kufungia ndani yale madogo. Nilishinda Ijumaa nzima na polishi na kitambaa laini mpaka mng'ao ukarudi. Bega lilivimba. Wewe hukusema "nilikuambia." Uliniletea uji tu.

Sasa nafika penyewe.

Jumamosi ilikuwa harusi ya mpwa wake Mzee Laurian, kule Kibingo. Gari lile lilikuwa la kumpeleka bibi harusi kanisani, na kwa kuwa lina viti viwili, ni yeye na dereva. Dereva nikawa mimi. Mzee Laurian, mwenyewe akiwa anapanda gari la wazee, alinipa ufunguo akanishika kifundo cha mkono. "Deo, kaa mbali na pikapu ya video. Mbali." Unajua misafara yetu. Mbele inakwenda pikapu imebeba matarumbeta na mpiga picha amesimama nyuma ameegemea bomba, anawachukua maharusi njia nzima. Nikasema, "Waitu, mzee, mambo ya mawe tena unifundishe mimi?"

Kilima cha kwanza nilikaa mbali. Watu walikuwa wamejipanga kando ya barabara wanapiga vigelegele. Nilikuwa nimeazima koti na tai. Mpiga picha akanipungia mkono, sogea, sogea! Bibi harusi hakuniomba nisogee, nisije nikamsingizia na yeye. Ni mimi. Nilifikiria ile video ikitazamwa Kayanga yote, na Kyerwa yote, na mimi nikionekana kwa mbali kama nzi. Nikasogea. Nikasogea tena, mpaka nikawa naona meno ya wapiga tarumbeta. Mawe yakaanza. Ta. Ta. Ta, ta.

Koku, nilizijua zile sauti. Wiki nzima tulikuwa tumezisikiliza mimi na wewe, tungeweza kutaja ukubwa wa kokoto kwa kusikia tu. Nilijua kila moja inafanya nini kwenye ile rangi. Na sikupunguza mwendo mpaka pikapu ilipokata kona ya kanisani. Nilikuwa natabasamu kwenye kamera.

Vidoti saba, kimoja kikubwa chini ya taa ya kushoto.

Gari nilirudi nalo gereji, nikamwambia Mzee Laurian nitaliosha kwanza. Jumapili mchana akaja kulichukua. Wewe ulikuwa nyuma ya jiko. Baadaye sana ndipo nilielewa ulichokuwa ukifanya, nilipofungua daftari na kukuta ukurasa wa mwisho. Ulikuwa umeloweka magamba makavu kwenye maji, ukayakausha kivulini, uone kama yatakunjika bila kupasuka, maana makavu hayana utomvu. Ulikuwa unanirekebishia kosa langu. Ukaja mbele kunionyesha, mkono wa kushoto gamba, wa kulia kokoto.

Na Mzee Laurian alikuwa ameinama kwenye boneti. Akauliza, "Deo, hizi?"

Hakunikaripia. Angenikaripia labda ningesema kweli. Aliuliza kwa upole kabisa, na mimi nikaona akilini koti langu la kuazima, na tai, na kifundo cha mkono alichonishika, na haya zikanipanda mpaka masikioni. Nikainua macho nikakuona wewe na kokoto zako. Nikasema, "Ni huyu mtoto, mzee. Amekuwa akirusha mawe hapa, nimemkataza hasikii."

Uliniangalia. Kokoto zikaanguka moja moja. Mzee akakwambia, "Mtoto, mikono yako ikae mbali na vitu vya watu." Na wewe ukaipeleka mikono nyuma ya mgongo.

Haijarudi mbele sawasawa hadi leo. Unadhani sioni? Umekuwa fundi kunishinda mimi. Unachanganya rangi kwa jicho mpaka mwenye gari hajui palipopakwa. Lakini likija gari jipya pale gereji unasimama umefunga mikono nyuma mpaka mwenyewe akuambie, "Dada, gusa tu, angalia." Wateja wanakusifu una adabu. Kila wakikusifu hivyo mimi nageukia kazi yangu. Na gari la Mzee Laurian hujawahi kuligusa miaka kumi. Akija, unakumbuka ghafla kwamba chumvi imeisha nyumbani.

Vile vidoti nilivijaza kimoja kimoja kwa njiti ya kiberiti, rangi tone kwa tone, maana hakutaka kupuliziwa upya. Kazi nzuri. Nilijisifu hata. Nilijiambia umeshasahau, watoto husahau. Nilijiambia nitakununulia viatu. Kisha mwaka ukapita, na ukishapita mwaka, aibu ya kuanza kusema inazidi aibu ya kosa lenyewe. Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili, na kosa hilo lilikuwa refu zaidi. Sikupi somo, mwanangu. Nakuambia tu ilivyokuwa ndani yangu, kwa sababu siku moja utafanya kosa kwenye gari la mtu, hakuna fundi asiyefanya, na siku hiyo utashangaa jinsi mdomo ulivyo mwepesi.

Leo asubuhi, mlipokwenda kanisani na mimi nikasingizia mgongo, nilichukua bodaboda mpaka Bugomora.

Nilimkuta Mzee Laurian uani anaanika kahawa. Shikamoo, marahaba, karibu rubisi. Nikasema rubisi baadaye, mzee, niseme kwanza nilichokuja nacho nisije nikalewa ujasiri ukaisha. Nikamwambia yote. Pikapu, koti, kamera, sauti za mawe. Nikamwambia mtoto alikuwa na gamba la mgomba mkononi, analitafutia gari la mzee dawa.

Njiani nilikuwa nimejidanganya kwamba atacheka. Nilidhani atasema alijua tangu zamani, wazee wanajuaga. Hakujua, Koku. Aliniamini. Aliacha reki yake ikaanguka kwenye kahawa. Akaniuliza, "Unakumbuka kila nikija gereji nilikuwa naulizia yule mtoto yuko wapi?" Nikasema ndiyo, nilidhani unamsalimia. Akasema, "Nilikuwa nauliza nijue nilisimamishe wapi gari. Miaka kumi, Deo, nimekuwa nalihamisha gari kwa ajili ya mtoto yule." Akakaa chini. Halafu akasema, "Na ile video nimeitazama mara ngapi, nasema tazama Deo anavyoendesha, ametulia."

Kuku wakaingia kwenye kahawa na hakuna aliyewafukuza. Kisha akainuka akaenda bandani, akavua turubai, akainama kwenye boneti na miwani yake. Kidoti kile kikubwa chini ya taa ya kushoto kimevimba. Kutu imetembea chini ya rangi niliyoijaza, ikanyanyua uvimbe kama ukucha wa kidole gumba. Akaweka kidole juu yake. Akasema, "Hii atatengeneza yeye akirudi likizo. Wewe hutaligusa tena." Nikasema sawa. Inauma, lakini sawa, na kwa kweli utalitengeneza vizuri kuliko mimi.

Sasa sikiliza ya kesho, maana ndiyo sababu ya haraka yote hii. Mzee Laurian analala leo kwa mdogo wake Omurushaka. Kesho alfajiri atakuja hapa nyumbani na gari. Amesema atakupeleka stendi Kayanga yeye mwenyewe. Nikauliza, "Na mimi, mzee?" Akanijibu, "Gari lina viti viwili." Hakutabasamu.

Kwa hiyo nitapanda bodaboda na begi lako. Mama yako atatangulia na jirani. Barabara ya hapa kwetu bado ni moramu, na hatutakaa mbele yenu, nitamwambia kijana wa bodaboda asithubutu kuwapita. Tutakuwa nyuma, tunakula vumbi lenu. Nimelistahili, na sina neno.

Nina maswali yangu pia, usidhani nimezeeka nikaacha kuuliza. Nasikia hiyo nailoni ngumu inayoonyesha, ile mtakayokuwa mnavalisha magari huko uendako kukinga rangi, ikikwaruzwa ukaimwagia maji ya moto inajifunga yenyewe. Kweli? Wenzako huko wameijaribu kwa kokoto au wanaamini tu maneno ya karatasi? Na kwenye taa za mviringo wanaivutaje isikunjamane? Vumbi likiingia chini yake wakati wa kubandika wanafanya nini, wanaanza upya? Hilo la vumbi ndilo ninalotaka kujua zaidi. Niandikie. Daftari nitalitia kwenye begi lako chini ya kanga aliyokupa mama yako, lina kurasa bado. Boneti la mparachichi nitalitundika tena, ukija na kipande cha hiyo nailoni tutakipa chumba cha sita.

Nisamehe. Nimelizunguka hilo neno karatasi nzima na sasa nimelisema. Nilikuogopesha mikono yako mwenyewe ili mimi nionekane dereva mzuri. Sidai unijibu kesho. Unaweza usinijibu kabisa, nitaendelea kuwa baba yako.

Nitakupa barua hii sasa hivi, kabla ya kula, maana nikiiacha hadi asubuhi nitaichana. Isome huko chini ya mparachichi.

Na kesho Mzee Laurian akisimamisha gari pale mlangoni, hatalisimamisha mbali. Chumvi ipo ya kutosha, nimeangalia mwenyewe. Usisubiri akuambie gusa. Nenda mbele ya gari, kwenye ile pua tuliyolala mbele yake kwenye vumbi, uweke mikono yako juu ya boneti. Yote miwili, Koku. Mimi nitakuwa nimesimama nyuma na begi lako, naangalia.

Baba yako,
Deo